Hodi ya Mama Kitanda

Kosa alilotendewa Mama Kitanda ni hili, wala halihitaji kupambwa: alipokuwa amelazwa hospitali akiugua tumbo, mtoto wa dada yake aliingia chumbani mwake bila hodi, akabeba ngoma, mikeka na pazia, akaondoka na kundi zima la vijana waigizaji. Ufunguo alikuwa nao. Alipewa kama mtoto wa nyumba.

Mama Kitanda alikuwa mpiga pasi, na chumba alichokuwa nacho ni kimoja. Kundi lilianza siku ya mvua, vijana wa mtaani waliposongamana barazani kwake wakibishana mambo ya mpira. Aliweka pasi ya mkaa pembeni, akawaambia, "Kama ni lazima mpige kelele, basi pigeni kelele yenye kichwa na miguu." Akawapa kisa cha mume mlevi na mke mjanja, akawagawia sehemu zao. Kesho yake walirudi bila kuitwa. Tangu hapo kila alasiri alikunja godoro, akasimamisha kitanda ukutani, vijana wakapata pa kuchezea michezo yao. Ndipo mtaa ukampa jina hilo. Mumewe alihama, akisema nyumba ambayo kitanda kinasimama na mume anakaa chini haina heshima. Akenda zake, na kitanda kikaendelea kusimama.

Sharti lake lilikuwa moja. Kile ni chumba cha kulala cha mwanamke mtu mzima, kwa hiyo hakuna kuingia bila hodi, hata kama katika mchezo wewe ni mfalme. Wachezaji walibisha hodi tatu mlangoni, naye kutoka mezani pa kupigia pasi akaitikia, "Karibuni, nyumba ni yenu." Hata walipoanza kualikwa sokoni na katika viwanja vya shule, waliifuata hodi ile ile. Walitundika pazia, wakabisha hodi wakiwa nyuma yake, na Mama Kitanda akaitikia akiwa katikati ya watazamaji. Asipoitikia, hakianzi kitu. Mara moja alikuwa na karanga mdomoni, na soko zima likamngoja ameze.

Mtoto wa dada yake walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Aliletwa mdogo, mama yake alipoolewa mara ya pili, na mume mpya akamkataa mtoto wa mwenzake. Kitanda kile kile kilichosimama mchana ndicho walicholalia wawili usiku. Alikua, akasoma, akarudi na maneno ya wafadhili na katiba.

"Mama mkubwa," alisema siku moja, "chama cha kisasa hakiwezi kukaa uvunguni mwa kitanda chako."

"Wewe ulikaa humo ukakua."

Chiriku alicheka, na Mama Kitanda akadhani maneno yamekwisha. Kumbe yalikuwa yanasubiri augue.

Aliporudi kutoka hospitali alikuta mlango umefungwa vizuri na sakafu imefagiwa. Kufagiwa ndiko kulikomkata maini. Mwizi hafagii. Anayefagia ni mtu anayehama.

Hata hivyo, kila alasiri aliendelea kukisimamisha kitanda, kisha akapiga pasi nguo za watu katika uwazi ule mkubwa. Fundi viatu, jirani yake wa barazani, hakuacha kumchokoza.

"Shemeji, leo kitanda kimesimama kwa ajili ya nani?"

"Kinanyoosha mgongo. Wako umeshapinda, usikionee wivu."

Kisha ukumbi mpya wa vijana ukakamilika ng'ambo ya uwanja wa mpira. Siku moja kabla ya uzinduzi, msichana mmoja wa kundi alikuja mlangoni. Alibisha hodi sawasawa, macho chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua nini? Pasi ndiyo iliyobaki."

"Mkurugenzi anasema kesho uje uitikie hodi. Wageni wameipenda sana desturi ile. Kuna kiti chako mbele kabisa."

"Mkurugenzi ndiye nani?"

"Chiriku, Mama."

"Ahaa. Basi mwambie Chiriku mlango huu anaujua. Aje mwenyewe abishe hodi. Nikimwitikia hapa, nitamwitikia na kule."

Siku ya uzinduzi Mama Kitanda alipiga pasi nguo zake mwenyewe, jambo ambalo hakukumbuka mara ya mwisho alilifanya lini. Alisimamisha kitanda, akaketi akitazama mlango ulio wazi. Gari likaja. Likasimama barabarani, likapiga honi, likapiga tena.

"Shemeji, unaitwa!" alisema fundi viatu.

"Honi ni ya mbuzi walio njiani. Mimi niko kwangu."

Kioo cha gari kikashuka. "Mama mkubwa! Twende, wageni wameshakaa!"

"Mlango uko wazi, mwanangu."

"Nimevaa viatu virefu, hapo pana tope! Njoo tu, jamani!"

Tope lile Mama Kitanda alilijua. Ndilo alilokuwa akilisugua katika nyayo za mtoto huyo kila jioni kabla hajampandisha kitandani. Miguu yake mwenyewe ilitaka kwenda, na aliishika magoti ili isimwaibishe.

"Haya, kaa na kitanda chako!" Chiriku akapaza sauti, na gari likaondoka. Fundi viatu naye akafunga boksi lake, akaona haya kidogo, akavuka uwanja kwenda kutazama.

Vipaza sauti vya ukumbi vilifika hadi chumbani. Mama Kitanda aliisikia hodi ya kwanza, sauti ya yule msichana. Akasikia ya pili. Akawaona kwa macho ya moyo vijana wake nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, wamebana pumzi. Ya tatu ilipokuja, jibu lilimfika kwenye meno. Akalimeza. Mwenye kwake haitikii hodi ya nyumba ya pili.

Ukumbi ukangoja. Kisha ikaja sauti ya Chiriku, na kicheko ndani yake: "Karibuni, karibuni, nyumba ni yenu! Hii, wageni wetu, ni desturi tuliyoianzisha sisi vijana wenyewe." Makofi yakapigwa.

Mama Kitanda alifunga dirisha, akakilaza kitanda mapema kuliko siku zote, akaketi upande ule aliokuwa akilalia mtoto.

Pazia hadai, wala ngoma. Vinatumika, vitumike. Anachodai ni hodi moja, ibishwe katika mlango huu, nyayo zikiwa na tope. Anayedaiwa ni mtoto wa dada yake, na deni hilo halilipwi kwa kumtuma mtu wala kwa kupiga honi. Kesho alasiri kitanda kitasimama tena.