Upande wa Kushoto wa Kodiani

Mwaka huu nimerudi Katesh kwenye mkutano wa wapiga kodiani, na heri nisingekwenda. Ngoja nikueleze vizuri, ndugu yangu, maana ukisikia mtu mzima amelia kwa sababu ya kinanda cha kuvuta utaona hana akili.

Mahindi yakishavunwa na maharage kupigwa, wapiga kodiani wa huku kwetu hukusanyika. Wanatoka Mbulu, wanatoka Dirma, kodiani zimefungwa kwenye magunia nyuma ya pikipiki. Enzi zetu ilikuwa baiskeli na punda. Wanaketi uwanjani kanisani, wanabishana kodiani ya nani inakohoa, wanagawiana nta ya nyuki ya kushikizia vile vyuma vidogo vinavyolia ndani. Sisi watoto tulikula makande ya moto huku upepo wa mlimani ukipenya kwenye sweta, na raha yake sijaipata tena popote.

Bibi yangu wa Jorodom alikuwa na kodiani yake, lakini vidole vya mkono wake wa kushoto vilikauka alipoumwa na nyoka shambani. Sasa kodiani, kama huijui, inataka mikono miwili: wa kulia unapiga wimbo wenyewe, wa kushoto unavuta mapafu yake na kubonyeza sauti nzito. Watu wakamwambia auze. Auze? Bibi yule! Alimwita jirani yetu, mzee mfugaji aliyehamia kutoka Dirma, mtu ambaye hakuwahi kuingia kanisani, akamketisha kushoto kwake kwenye benchi, wakaigawana kodiani moja watu wawili.

Basi jioni mimi napukuchua mahindi, wao wanafanya mazoezi na kugombana. "Vuta taratibu, huyo si ng'ombe!" bibi anafoka. "Ng'ombe angekuwa ameshanielewa," mzee anajibu. Bibi alipenda kusema mkono mmoja haulei mwana, na mzee anamalizia, "Wala hauchinji ng'ombe." Nyimbo zote za kanisa mzee alizijua, upande wa kushoto tu. Ukimwuliza kwa nini hasali, anakwambia Mungu wa bibi yako ananijua kwa mkono.

Kulikuwa na wimbo mmoja wa bibi mwenyewe, usio na maneno. Aliutunga alipofiwa na mwanawe wa kwanza. Ndio uliofunga mkutano kila mwaka, na hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa. Ulikuwa wa wale wawili.

Kisha lile tope la maporomoko likashuka kutoka Mlima Hanang, likafukia nyumba za Jorodom. Mzee alikuwa amekwenda Dirma na mifugo. Bibi alikuwa nyumbani. Yeye tulimpata, tukamzika. Kodiani yake hatukuipata.

Tangu hapo mzee hakukanyaga mkutanoni, hadi mwaka huu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na wimbo?"

Jamani. Alikuwa amenisubiri mimi. Alijua nimekulia kwenye nyumba ile, akaamini lazima ninao. Nikajaribu kuuimba kwa mdomo. Mwanzo ukaja, mbele kidogo ukageuka wimbo wa kanisa, ukanipotea. Mpigaji mmoja akasema pale unapanda, mwingine akasema unashuka. Hakuna aliyeurekodi hata kwenye simu. Nani anarekodi kitu anachokisikia kila mwaka?

Mzee akaomba kodiani. Mwalimu wa kwaya akaketi kulia kwake, akaushika upande wa bibi usianguke, bila kubonyeza kitu. Mzee akavuta. Akapiga upande wake wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kukosea. Kuna mahali sauti nzito inanyamaza ili wimbo upite peke yake. Alipofika hapo akavuta polepole, akainamisha kichwa, na uwanja mzima tukasubiri. Hakikupita kitu.

Alipomaliza alikuwa anatabasamu, machozi yamefika kidevuni.

"Umemsikia?" akaniuliza.

Yeye alikuwa amemsikia bibi. Wimbo anao kichwani, mzima, na hana mkono wa kuutoa. Siku atakayoondoka ataondoka nao, na mimi nitabaki na ule mwanzo tu, nikiuimba jikoni na kukwama palepale. Moyo unaniuma, ndugu yangu, sikufichi.

"Nimemsikia, babu," nikamwambia.

Sikumsikia.