Shimo la Maji la Stesheni ya Kwemzinga

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa chumvi dukani, stesheni yetu ya Kwemzinga haikuwa na cha kumringia mtu. Kibanda cha mabati, benchi moja lililovunjika mguu, na jukwaa la udongo lililozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, basi. Mvua ikinyesha chokaa ilichuruzika, na baba yangu, Bakari, ndiye aliyeajiriwa kuyapaka upya. Treni ya kutoka Tanga ilisimama pale kidogo, abiria wakanunua machungwa na vitumbua vya mama kupitia dirishani, kisha ikashika njia ya Korogwe.

Miaka ya hamsini yakaja matengenezo. Sijui nani aliyaamua huko mjini, wala hatukuulizwa. Kwanza kibanda kiliezuliwa kikaezekwa upya. Baadaye jukwaa likajengwa kwa mawe na saruji, na mama akapata pahala pa kutua sinia lake bila kukanyaga tope. Zikaja taa, likaja benchi zima. Kila kitu kipya tulikipokea kwa vigelegele, maana tulijiona tunakaribia kuwa watu wa mjini.

Mambo yaliharibika lilipokuja tangi la maji.

Tangi lenyewe lilikuwa la chuma, limesimama juu ya miguu mirefu. Ubavuni mwake walichimba shimo la kwenda chini sana, wakalijengea kwa saruji. Maji ya kijito chetu yaliingia shimoni kwa bomba, pampu ikayavuta hadi tangini, na kichwa cha treni kikija kilikunywa kutoka huko juu. Mdomo wa shimo ulikuwa na mfuniko wa chuma wenye kufuli, na ndani mlikuwa na ngazi. Ufunguo alikabidhiwa baba. Kutoka kupaka mawe chokaa akawa mtu wa pampu, na watu wakamwita Bakari Pampu. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Siku moja, shimo likiwa wazi kwa kazi, mtoto wa jirani alikutwa amelala kifudifudi ukingoni, kichwa kinaning'inia ndani, analiita jina lake ili ausikie mwangwi. Baba alimvuta mguu akamtoa. Akatukusanya watoto wote tuliokuwa tukicheza pale, akatutolea macho.

"Mnaliona shimo hili? Humu mna mumiani. Atakayesogea atadakwa mguu, atundikwe kichwa chini, akamuliwe damu mpaka awe mkavu kama dagaa. Mmesikia?"

Tulisikia. Nani asingesikia? Wazazi wa siku zile hawakumkataza mtoto kwa kumweleza kina cha maji. Walimtajia kitu, mtoto akakimbia, wakarudi kwenye kazi zao. Na mumiani hakuhitaji maelezo. Kila mtu kwetu alijua kwamba wako watu wanaowakamata wenzao na kuwanyonya damu, na damu hiyo hupelekwa kusikojulikana ikatengenezewa dawa. Baba alisema lile kwa kutuokoa, na kweli hakuna mtoto aliyesogea tena.

Aliyeiamini habari hiyo kuliko wote alikuwa mama yake mwenyewe, Bibi Mwanahawa, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja. Bibi alikuwa na ndugu waliopotea Pangani zamani, na kwa kila mmoja alijua ni nani aliyemuuza. Tangu shimo lichimbwe hakupita tena mbele ya stesheni. Akitaka kwenda dukani alizunguka nyuma, kwenye magugu, na baba alikuwa akimcheka.

"Mama, ufunguo ninao mimi. Unaniogopa mimi?"

"Sikuogopi wewe, mwanangu," bibi alimjibu. "Wewe umeajiriwa tu. Aliyekuajiri kakwambia yote?"

Kisha tangi likapakwa rangi. Ilikuwa rangi nyekundu nzito ya kuzuia kutu, na baba ndiye aliyeipaka. Alirudi nyumbani mikono myekundu hadi viwikoni, akachutama nyuma ya nyumba akijisugua kwa mafuta ya taa. Wapita njia walimwona. Wiki hizo hizo stesheni iliwekewa bomba la watu wote kuteka maji, na maji ya kwanza yalitoka mekundu kwa kutu ya mabomba. Wanawake waliyatazama ndani ya ndoo zao, wakayamwaga, wakaondoka. Baadaye yalitoka meupe kabisa, lakini nani alirudi kuyaangalia?

Hapo ndipo Saidi alipopotea. Saidi alikuwa kijana wa jirani yetu, mkimya, aliyekuwa akibeba mchanga wa yale matengenezo. Mama yake aliamka asubuhi akakuta kitanda kitupu. Akalia, watu wakajaa, na kila aliyefika aliuliza swali moja: Saidi alionekana wapi mara ya mwisho? Jibu lilikuwa stesheni. Nikilifikiri leo nacheka kwa uchungu, maana anayesafiri ataonekana wapi mara ya mwisho kama si stesheni? Lakini siku ile hakuna aliyecheka. Watoto wakatoa ushahidi wao: Baba Mwanaidi mwenyewe, kwa kinywa chake, alisema mle shimoni mna mumiani. Mwanaidi ni mimi.

Ulimi uliponza kichwa. Baba alijitetea kwamba alikuwa akiwatisha watoto tu, na kila alivyojitetea alizidi kujichongea. Msikitini palibaki nafasi kila upande wake, hadi imamu alipowaambia watu wakamilishe safu. Vitumbua vya mama vikawa vinanunuliwa na abiria peke yao, ambao hawakujua lolote.

Yote hayo baba aliyavumilia. Lililomvunja ni ndoo. Mama alikuwa ameacha kuteka maji ya bomba, anakwenda zake kijitoni pamoja na wanawake wengine. Baba alikutana naye mlangoni, maji yanamdondoka mabegani.

"Bomba liko hapo tu, wewe unakwenda kijitoni?"

"Maji ya kijito ni matamu," mama alisema, na hakumtazama.

Maji ya bomba yalikuwa ni yale yale ya kijito kile kile. Baba alijua, na mama alijua vilevile. Baba alikaa kwenye kizingiti akaiangalia mikono yake, na mimi niliogopa, kwa sababu nilitaka kwenda kukaa karibu naye na sikuthubutu. Sijui kama mama aliamini. Nadhani hata yeye hakujua. Alikuwa na watoto, na mwenye watoto hangoji ahakikishe.

Ijumaa moja, baada ya sala, wanaume walitoka msikitini wakanyoosha njia moja kwa moja hadi stesheni. Wengine walikwenda kwanza nyumbani kuchukua mapanga. Stesheni masta, Mhindi mmoja mpole, alikuwa ameondoka na treni ya asubuhi kwenda Tanga, kwa hiyo baba alikuwa peke yake kwenye pampu. Mtu alipita kwetu mbio akasema, "Baba Mwanaidi anauawa." Mama akanishika mkono tukakimbia. Bibi alisema tumtangulie.

Tulipofika baba alikuwa amekwisha kufungua mfuniko. Wanaume walilizunguka shimo wakachungulia. Ndani kulikuwa na giza, na maji yalisikika yakidondoka. Ukingoni palikuwa na alama za vidole vyekundu, rangi ile ile ya tangi, na wote walizitazama.

"Haya, mmoja ashuke akaangalie," alisema mmoja.

"Shuka wewe."

"Kwa nini mimi? Mwenye nguo fupi ni yule."

Mapanga yote yale, na hakuna mguu hata mmoja uliogusa ngazi. Baba akasema, "Nitashuka mimi, mnitazame."

"Wewe mnajuana naye!" walimjibu. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema tumtumbukize humo, tumfungie, tuone kama mwenzake atamla. Nilidhani watu watakataa. Hawakukataa. Walianza kumsogelea, na wawili wakamshika mikono. Mama alipiga ukelele. Mimi niliona maji yanaingia shimoni kwa bomba, mfululizo, na nikajua kwamba wakimfungia mle atakufa, mumiani awepo asiwepo.

Ndipo bibi alipofika. Alipita mbele ya stesheni, njia aliyoikwepa miezi yote ile. Alikuwa ameoga, amejifunga kanga safi. Watu wakampisha.

"Mwacheni," alisema. "Nitashuka mimi."

Baba akapaza sauti, "Mama, usifanye hivyo!" Alijipapatua, lakini wale wawili hawakumwachia. Bibi hakumjibu. Aliwageukia watu.

"Mnanijua. Niliyemkosea anisamehe. Na mimi nimewasamehe." Akamtazama mama yangu. "Watoto hawa wape chakula mapema, wasilale na njaa." Akatamka shahada, akashika ngazi, akashuka.

Tulimwona mpaka utosi, halafu hatukumwona. Tulisikia miguu ikiingia majini, kisha hatukusikia kitu. Baba aliita, "Mama!" na shimo likamrudishia sauti yake. Akaita tena. Alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima, makamasi yanamtoka, wala hakujifuta kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshikwa. Mmoja wa wale waliomshika aligeuza uso pembeni.

Baada ya muda ambao siwezi kuupima, kichwa cha bibi kilitokeza. Kanga ilikuwa imelowa hadi magotini na miguu ilimtetemeka sana. Nilidhani ni baridi.

"Maji," alisema. "Maji na vyura."

Kisha mzee mmoja, mtani wake wa siku nyingi, akasema, "Damu ya kikongwe hiyo, mumiani ataifanyia nini? Imekwisha kauka!" Mmoja akacheka, na wa pili, na wote wakacheka, na mapanga yakarudi makwapani. Walimwachia baba, wakatawanyika kidogo kidogo wakizungumza habari za mihogo. Kicheko kile kilimwokoa baba, nacho nilikichukia, na nakichukia hadi leo.

Jioni ile mama alichukua ndoo akaenda kwenye bomba la stesheni. Alipika kwa maji yale, akampakulia baba kwanza, akakaa akimtazama anavyokula. Lakini kesho yake wanawake wengine waliendelea kwenda kijitoni, na walikwenda hivyo kwa miaka.

Saidi alirudi karafuu zilipokwisha. Alikuwa Pemba, akichuma, amenenepa, na amemletea mama yake kanga. Alitoroka bila kuaga kwa sababu alijua angekatazwa. Hakuna aliyekuja kwa baba kuomba radhi. Wako waliosema Saidi alikuwa amekwisha kuuzwa, ila kisomo alichosomewa nyumbani kwao ndicho kilichomrudisha. Baba aliendelea na pampu yake hadi zilipokuja treni za dizeli zisizokunywa maji. Tangi likang'olewa, shimo likafukiwa kwa kifusi, na stesheni ikawekewa jengo jipya la matofali ambalo halikumtisha mtu yeyote.

Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikahamia Tanga mjini, mtaa wa Mabawa. Bibi alipougua alikuja kukaa kwangu. Mchana mmoja, nikimkanda miguu, nikamkumbusha siku ile. Nilitaka kumsifu. Miaka yote nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kwamba katika kijiji kizima mtu mmoja tu alikuwa na akili, naye ni kizee asiyejua kusoma.

"Bibi, wewe ulijua hamna kitu mle shimoni, sivyo?"

Alinitazama kana kwamba nimesema neno la kitoto.

"Nani kakwambia hamna? Alikuwamo. Hakunitaka tu."

"Sasa ulishuka kwa nini?"

Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Nilisema, akinichukua mimi, watu watamwona mwanangu anavyolia. Mtu akimwona Bakari anavyolia, hatasema tena kwamba anauza watu."

Niliendelea kumkanda kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Ile kanga safi, kule kuoga, zile radhi alizoomba: mimi niliyahesabu kuwa mambo ya mtu jasiri anayewaaibisha waoga. Kumbe alikuwa anaaga. Alishuka ngazi ile akijua kabisa kwamba mwisho wake atatundikwa kichwa chini, na aliteremka hadi miguu ikagusa maji.

Sijaacha kuwafundisha watoto kwamba mumiani hayupo. Ila nimeacha kuisimulia habari ile darasani.

Baba alikuwa bado hai wakati huo, na alipenda kuirudia. Wageni wakija alisema, "Siku ile hata mke wangu alinishuku. Mama yangu peke yake alijua kuwa shimo ni shimo tu." Alisema hivyo kwa furaha, huku akijipiga kifua. Niliwaandalia wageni wake chai, nikanyamaza. Aliamini kwamba mama yake alikuwa na hakika naye, na hilo lilimtosha. Sikupata moyo wa kumwambia kwamba alipewa kitu kikubwa kuliko hicho.