Betri Kwenye Matuta

Kwetu Ufipa taka haitupwi. Nyasi, maganda, majivu, vyote tunavifukia kwenye matuta ya ntumba vioze, mvua ikija tunapanda maharage. Mume wangu ni fundi redio na sola hapa kijijini Pito. Betri zilizokufa alikuwa akizipasua nyuma ya jiko, anatoa cha kuuza, makapi anayafukia humo humo kwenye matuta. Nani angemkataza? Kila mtu alifanya hivyo.

Mwaka huu binti yetu mdogo akaanza kulia tumbo. Akakataa chakula, akapauka. Nikampa dawa ya minyoo, wapi! Nikampeleka hospitali, Sumbawanga mjini. Daktari akauliza, "Mama, baba yake anafanya kazi gani?" Nilipomwambia, aliweka kalamu chini. Akasema betri zina madini ya risasi, na yakiingia mwilini mwa mtoto yanaharibu mpaka akili. Damu ikachukuliwa, ikapelekwa mbali, tukaambiwa tusubiri.

Jamani, kusubiri kule! Nikaanza kuogopa nyumba yangu mwenyewe. Nilisimama uani na sufuria ya maharage yaliyotoka matuta yale yale, sijui niyamwage wapi. Nikiyaacha chini kuku watayala, nikiyafukia yanarudi shambani. Nililia kama mjinga. Kila asubuhi namuuliza mtoto rangi ya kanga yangu, jina la shangazi yake. Akisita kidogo tu, namuuliza tena.

"Mama, mbona unaniuliza kila siku?"

Nikamwambia ni mchezo tu.

Tukiwa bado tunasubiri, bwana afya akaitisha mkutano wa kata. Halmashauri inataka sheria ndogo: duka linalouza betri, redio au simu lipokee mbovu zake, zipelekwe kiwandani zinakochakatwa. Kupasua majumbani marufuku. Mafundi wakapiga kelele, watakula nini? Mume wangu alikaa katikati yao. Wanaounga mkono walipoitwa, nikanyoosha mkono mpaka bega likauma.

"Oyaa fundi, mkeo anakufungia kazi!" mwenzake akamtania.

Mume wangu akasimama. Nikasema moyoni, leo nimekwisha.

"Ipitisheni," alisema. "Ila bwana afya, yale yaliyokwisha kumwingia mwanangu, yanatoka?"

Bwana afya alifunua ukurasa wa daftari lake. Kisha akasema tuendelee kuhesabu mikono.