Nilimwambia Dada Yangu Apunguze Sauti

Mimi ndiye mwenye kosa. Naanza hapo kabisa ili usije ukanionea huruma mbele ya safari. Ukitaka kunitukana nitukane, mwenyewe najitukana kila siku.

Nilikuwa natafsiri picha kwenye banda la video hapa Korogwe, upande wa Old Korogwe. Kazi yenyewe unaijua. Picha ya nje inawekwa, sauti yake inapunguzwa, na mimi nimekaa pembeni na kipaza sauti nawaelezea watu kwa Kiswahili kinachoendelea. Nikisema natafsiri najipamba tu. Sijui Kihindi, sijui Kikorea, sijui chochote. Naangalia midomo inavyocheza, natunga.

Na hapo ndipo hasira zinaponipanda. Mwanamke kwenye picha anapigwa na mumewe, analia, anasema maneno yake. Sijui alikuwa anasema nini. Labda alikuwa anaomba asiuawe! Mimi namtungia kosa. Mara kaunguza ubwabwa, mara kamjibu mume mbele ya wageni, mara karudi sokoni amechelewa. Lazima awe na kosa, maana bila kosa watu hawacheki, na mimi nilikuwa naishi kwa vicheko vyao.

Siku moja mwanamke wa kwenye picha akapiga yowe refu, nami nikasema kwenye kipaza, "Mama, punguza sauti, picha inaendelea!" Banda zima likaangua kicheko. Basi, ikawa ndiyo chapa yangu. Kila kipigo naitia. Watu wakanirekodi, wakatumiana kwenye simu. Nilikwenda Handeni siku ya gulio nikamkuta muuza mitumba anaitumia kuwatania wateja wake wa kike. Nilivimba kichwa, jamani! Nilijiona mtu mkubwa.

Hakuna aliyeniambia niache. Hapana, naongopa. Mama yangu aliniambia. Aliisikia kwenye simu ya mjukuu wake huko Mashewa, akaniita akaniuliza siku hizi nawafundisha watu nini. Akanikumbusha kwamba kwetu yowe likipigwa, watu wanatupa majembe wanakimbia, hakuna anayeuliza kwanza. Nilimjibu kwamba ile ni picha tu, mama, watu wanajifurahisha.

Sasa nikwambie habari za dada yangu, nitamwita Zaina. Mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa. Aliolewa Ngombezi, mumewe anafanya kazi kiwanda cha mkonge, wanakaa kambini kwenye vile vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta. Shemeji alikuwa mpenzi mkubwa wa kazi yangu. Picha zote nilizotafsiri alikuwa nazo kwenye simu, na mimi nikampenda kwa hilo. Dada alipokuja nyumbani amevimba shavu akasema kaanguka, sikutaka kujua zaidi.

Jumapili moja mchana nikaenda kuwasalimia, nimebeba sukari. Nafika tu mwanzo wa kambi, nasikia mwanamke anapiga yowe kule mbele. Mara watu waliokaa vibarazani wakamjibu kwa pamoja, "Punguza sauti, picha inaendelea!" Wanacheka, wengine wanaendelea kumenya mihogo. Vijana wakaniona. Wakapiga kelele kwamba mwenyewe kaja, wakaniomba niitie ile chapa yangu wasikie inavyotiwa.

Na mimi, mjinga wa wajinga, nikaitia! Kwa sauti ileile ya bandani, ikafika mwisho wa kambi. Watu wakanipigia makofi. Lile yowe likanyamaza.

Nikaendelea kutembea nikiwapungia mkono kama mgombea, mpaka nikafika mlango wa dada. Shemeji alikuwa anatoka, ameshika mkanda wa suruali mkononi. Nyuma yake Zaina yuko sakafuni, damu inamtoka sikioni.

"Karibu shemeji," akaniambia. "Tulikuwa tunakusikia humu ndani."

Nilimrukia. Tukapigana mpaka uani, na hapo ndipo majirani walipokuja mbio. Wote! Wameacha mihogo, wanaruka vibaraza, wanaamua ugomvi. Wanaume wawili wakishikana kambi nzima inakimbia. Mwanamke analia peke yake, wanamjibu kwa maneno yangu. Ningewachukia mpaka nife, ila nimewafundisha mwenyewe.

Shemeji yuko ndani, kesi inaendelea. Hospitali walijitahidi, lakini lile sikio ndiyo basi tena. Dada karudi kwa mama Mashewa. Nilimfuata, nikapiga magoti mbele yake, nikalia kama mtoto.

"Nilisikia sauti yako nje," akasema. "Nikajua nimepona, mdogo wangu kafika. Halafu nikasikia ulichosema, nikaona hakuna haja ya kulia tena."

Tangu siku hiyo, nikienda nikamwamkia shikamoo dada, ananigeuzia lile sikio lisilosikia. Haondoki, hanifukuzi. Ananigeuzia lile, anaendelea kuchambua mboga.

Banda nimeacha. Lakini maneno yangu hayajaacha. Juzi tu hapa mtaani nimewakuta watoto wanacheza mume na mke, wa kiume ameshika fimbo, wa kike anajifanya analia, na wote wanajua la kusema. Nikawafokea mpaka mama zao wakatoka kuniuliza nina wazimu gani. Ningewaambia nini? Kwamba mwenye maneno ni mimi?

Wewe uliyeshika simu sasa hivi, unamcheka mwanamke anayechapwa makofi, unamtumia rafiki yako naye acheke, sikiliza. Yule mwanamke hakukosa kitu. Kosa lake kalitunga mtu kama mimi, amekaa pembeni na kipaza, hajui hata lugha yake. Na ukisikia yowe kwa jirani, usikae kungoja ujue ni la nani. Mimi nilikuja kujua ni la dada yangu nilipofika mlangoni, na nilikuwa nimeshamnyamazisha.