Miguu ya Babu

Kila nifunguapo gunia la michembe, harufu ya viazi vikavu na vumbi hunirudisha kwenye njia ya zamani ya wapagazi, kutoka Puge kwenda Tabora. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya mbali kwa miguu. Babu, aliyewahi kubeba pembe za ndovu hadi pwani, alinitwisha furushi la michembe ya kumpelekea shangazi aliyeishi Tabora, akanionya, "Mke wangu, ukitua mzigo kabla sijasema, kesho unarudi kwa mama yako."

Sikutua. Lakini kila shingo yangu ilipoanza kutetemeka, babu alisimama, akashika magoti, akaguna. "Miguu imezeeka hii. Tupumzike." Nilimhurumia siku zote tatu. Jioni nilimkanda kwa maji ya moto, nikijiona mimi ndiye ninayemfikisha.

Tulifika kwa shangazi saa nne asubuhi. Babu akanywa uji, akachukua fimbo, akaenda kwa miguu Kipalapala, mwendo wa saa mbili, kumsalimia rafiki yake. Alasiri alikuwa amerudi, anapiga mluzi.

"Shangazi," nilinong'ona, "miguu haijamuuma?"

Shangazi akanishangaa. "Tangu lini baba anaumwa miguu?"