Mtandao Tuliouvunja Kila Jumamosi

Mara ya kwanza kompyuta moja ilipoijibu nyingine kwa kazi ya mikono yangu, nilipiga kelele hadi wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi upande wa pili wa ukuta wakanyamaza. Tulikuwa katika darasa la parokia, mtaani kwetu Katuba. Nilikuwa nimezipanga nyaya ndogo za rangi ndani ya kebo na kuzibana, nimeipa kila kompyuta anwani yake, nimeandika amri fupi kwenye skrini nyeusi. Majibu yakaanza kushuka, mstari baada ya mstari. Ile mashine ya pili ilikuwa inasema: nipo, nipo, nipo. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa furaha.

Aliyenipeleka pale alikuwa mteja wangu. Nilikuwa na kibanda cha kuuza uniti za maongezi na kuchaji simu, na siku moja alinikuta nimeifungua simu ya mtu, vipande vyote vimetandazwa juu ya kitambaa. Yeye ni fundi wa kompyuta mgodini, upande wa Kinsevere. Akaniambia kuna watu wanaokutana kila Jumamosi kujifunza Linux, programu ambayo unaichukua bure, unaifungua, unaona inavyofanya kazi ndani. Nikamwambia kwamba shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, mama alipomfuata baba kaburini na wadogo zangu watatu wakabaki mikononi mwangu. Akajibu kwamba pale hawaulizi diploma, wanauliza tu kama mtu atarudi Jumamosi ijayo.

Nilirudi kila Jumamosi. Fundi huyo ndiye aliyetuongoza, na ingawa hana hata unywele mmoja mweupe, sote tulimwita Vié, yaani mkongwe.

Kundi lilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Tukishamaliza kuujenga mtandao na kila kitu kikiwa kinafanya kazi, mmoja wetu alitolewa nje. Waliobaki waliuvunja. Walichomoa kebo nusu, walibadili namba moja ya anwani, au walizima programu iliyokuwa ikigawa anwani hizo. Kisha aliye nje aliitwa aje autibu, na alipaswa kusema kwa sauti kila anachokifikiri. Hakuna aliyeruhusiwa kumsaidia. Kumtania iliruhusiwa, tena sana.

Zamu yangu ya kwanza nilikimbilia skrini, nikaandika amri zote nilizozijua, moja juu ya nyingine. Vié aliniangalia weee, kisha akauliza, “Petite, mashini iko nalala, ao njo weye uko nalala?”

Kebo ilikuwa sakafuni, imechomoka. Nilikuwa nimeikanyaga.

Tangu hapo nilianza chini. Nilitazama kebo kwanza, kisha taa ya swichi, kisha anwani, kisha njia ya kutokea, na mwisho majina. Nilisema kila kitu kwa sauti, hata kibandani nikiwa peke yangu, hata nikisonga bukari. Wadogo zangu walizoea. Mdogo wa mwisho alianza kunijibu kutoka chumbani kwamba taa inawaka.

Furaha hiyo ilikuwa na mpaka wake. Baada ya matanga ya mama, ukoo ulikaa na kuamua kwamba msichana wa umri wangu hawezi kulea watoto kwa faida ya uniti. Ndugu mkubwa wa baba yangu, mchomeleaji vyuma wa Likasi, ndiye aliyepewa jukumu la kuwachukua. Nilimwomba muda. Akanipa hadi shule zifunguliwe: nikipata kazi ya kueleweka, watabaki kwangu, nisipopata, watakwenda naye. Si mtu mbaya. Alisema hayo akiwa ameinama, akikuna kucha zake zilizoungua.

Kazi ilitokea kundini. Mwenzetu mmoja ni wa familia ya Kiislamu iliyotoka Maniema zamani, na baba yake ana duka la jumla mjini na depo, yaani ghala, Katuba. Mtandao wa kuunganisha mahali hapo pawili ulikuwa unakatika ovyo, na depo iliendelea kuahidi sukari ambayo duka lilikwisha kuiuza. Mzee alitaka mtu wa kuutunza kila siku. Mwenzetu akanitaja, na Vié akathibitisha. Mzee alisema atanijaribu wiki moja, nayo ilikuwa ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Akirudi kutoka sala ya Ijumaa, akute depo inaongea na duka bila kukatika, na wageni wamefungiwa nje. Akiridhika, ananiandika kazini.

Alhamisi mtandao ulikuwa umetulia. Ijumaa, duka likiwa limefungwa kwa sala, niliketi depo kuifanya sehemu ya mwisho: kuipa kompyuta ya duka, kutoka mbali, sheria za nani aingie na nani asiingie. Ndipo baba mkubwa akatokea mlangoni. Alikuwa amekwenda nyumbani, wadogo zangu wakamwelekeza nilipo. Alikuwa amepata nafasi kwenye gari la rafiki yake lililokuwa linarudi Likasi alasiri hiyo, na alikuwa amewaambia watoto wafunge nguo. Nilimwomba angoje mzee arudi. Akaketi juu ya gunia la sukari, akavua kofia.

Nikaandika sheria ya kuwafungia wote nje. Iliyofuata ilikuwa ya kuniruhusu mimi, lakini sikufika huko. Skrini iliganda. Nilikuwa nimeanza na ya kufunga kabla ya ile ya kuruhusu, na mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wote. Kompyuta ya duka haikunijua tena. Ilikuwa mjini, ndani ya ofisi iliyofungwa, na mwenye ufunguo alikuwa msikitini.

“Imekufa?” baba mkubwa akauliza.

“Hapana, baba mukubwa. Iko muzima. Nimejifungia inje.”

“Na ufunguo?”

Nikamweleza. Kundini kosa hili wanalipigia makofi, kwa sababu kila mtu wa kazi hii huja kulifanya. Ndiyo maana Vié alitufundisha kwamba kabla ya kugusa sheria za mashine iliyo mbali, uiagize kwanza: baada ya dakika chache, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa, isipokuwa nikikukataza. Nilikuwa nimeiagiza hivyo muda mfupi uliotangulia, kabla ya herufi ya kwanza ya sheria. Lakini agizo kama hilo hutekelezwa na programu ndogo inayokesha ndani ya mashine, ikitazama saa. Je, programu hiyo ilikuwa imewashwa kwenye kompyuta ya duka? Nilikumbuka kuiwasha. Sikukumbuka kuhakikisha.

“Donc unafanya nini sasa?”

“Ninangoja.”

Wapagazi walikuwa wakipanga maboksi ya sabuni. Niliweka ile amri fupi ya kuita, nikaiacha iite. Hakuna jibu. Hakuna jibu. Nilisema kwa sauti, kama Jumamosi, kwamba kebo ni nzima, taa inawaka, anwani ni sahihi, njia iko wazi, na kilichobaki ni saa tu. Baba mkubwa aliinuka, akaja kusimama nyuma yangu, nikasikia harufu ya chuma kwenye koti lake.

Kisha mstari mmoja ukashuka. Ukafuata wa pili. Nipo, nipo, nipo. Niliruka hadi kiti kikaanguka, na wapagazi wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Niliinua kiti, nikaagiza upya, nikaandika sheria ya kuniruhusu kwanza na ya kufunga baadaye. Mara hii mlango haukunigeuka. Mzee alipoingia na kanzu yake nyeupe, aliomba hesabu ya duka, akaiona palepale, akaiomba tena, akaiona tena. Akaniambia nianze Jumatatu, kisha akamtazama baba mkubwa, akaniuliza, “Huyu njo mukubwa wako?”

“Njo miye,” baba mkubwa akajibu, na akaniuliza mbele yake, “Ulijua utakosea?”

“Sikujua. Lakini kule mbali siwezi kufika haraka.”

Akaitikia kwa kichwa taratibu. “Mi pia, mbele ya kuchomelea pipa ya mafuta, minaijazaka mayi. Batu banacheka, banasema minapoteza wakati. Benye kuchekaka, bengine bameungua.”

Akatoa simu, akampigia mke wake. Nilisikia kila kitu, maana mama mkubwa huongea kama yuko ng’ambo ya mto.

“Batoto banabakia kwa dada yao mukubwa. Hapana, hakuna mugonjwa. Iko na kazi.” Akaulizwa kazi gani. “Kazi ya... bakishajifungia inje, njo eko anafungua.”

Mama mkubwa akauliza, sasa yeye afanye nini na magodoro aliyokwisha kuazima kwa jirani.

“Rudisha,” baba mkubwa akasema, akakata simu na kunigeukia. “Na weye nenda ku nyumba, ambia batoto batoe manguo mu sac.”

Sikungoja hata kuaga vizuri. Nilikimbia.