Sisimizi wa Mama Uyoga

Esha binti Dadi hakuwa na mtoto, na Newala jambo hilo halifichiki, maana linasikika kila unaposalimiwa. Wenzake walikuwa Mama Optatus, Mama Naima, Mama fulani na Mama fulani. Yeye alikuwa Esha tu, vilevile kama alivyoitwa akiwa na miaka saba, au "mke wa Rajabu" kwa wale waliotaka kumheshimu wakakosa pa kushikia. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Alijifanya hajali, na alijifanya vizuri sana, lakini ilimuuma.

Ndipo ukaja uyoga.

Ulikuja miaka ile ya soko huria, maduka ya Newala yalipojaa sabuni za kila rangi na sukari ya ng'ambo, na wanunuzi binafsi wa korosho wakaanza kupita na pikapu zao wakipiga honi kama wana harusi. Katikati ya vurugu hizo ikaingia dawa ambayo hakuna aliyejua imetoka wapi. Wengine walisema Urusi, wengine Uchina, na fundi baiskeli mmoja pale sokoni aliapa imetoka Bagamoyo. Iliitwa uyoga wa chai. Kwa kuutazama lilikuwa dude laini, bapa, la rangi isiyoeleweka, kama chapati iliyosahauliwa ndani ya maji. Unapika chai ya rangi, unatia sukari bila uchoyo, unaiacha ipoe, unautia uyoga ndani ya chupa uelee, unafunika kwa kitambaa. Siku kumi baadaye unakunywa maji machachu yanayotekenya pua, na watu walisema yanaponya presha, kisukari, miguu, mgongo na wivu.

Tena uyoga huo ulikuwa unazaa. Juu ya mama huota mwana, tabaka jipya jembamba, unalibandua na kumpa jirani. Kuuza ilikuwa mwiko. Uyoga wa kuuzwa hufa njiani, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyethubutu kujaribu.

Esha aliupata wa kwake kwa wifi yake Ziada, dada mkubwa wa Rajabu, aliyeolewa Lisekese kule Masasi. Ziada alikuwa na watoto saba na maneno ya kuwatosha wote.

"Haya, chukua," alisema siku aliyompa. "Ingawa kwa mkono wako, Esha, hata mhogo hufikiri mara mbili kabla ya kuchipua."

Esha alimeza hayo kama alivyomeza mengine ya miaka ishirini. Akautia uyoga kwenye chupa kubwa ya kioo, ile ya kuwekea pipi dukani, akaiweka juu ya kimeza sebuleni. Uyoga ukazaa. Mwana wa kwanza akampa Anastasia, Mama Optatus, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Wa pili akaenda nyumba ya pili, wa tatu ya tatu, na kabla miezi minne haijaisha mtaa mzima ulikuwa na wajukuu wa chupa ile. Mtu akikwama, chai imemchachia vibaya au uyoga umezama, alikimbilia kwa Esha. Esha aliangalia, alinusa, alitikisa kichwa kama daktari wa mkoa, akatoa maelekezo.

Asubuhi moja Anastasia akaita kutoka uani kwake, "Mama Uyoga, umeamkaje?"

Watu wakacheka. Esha naye akacheka. Kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya khanga, akatoka kuinjika chai. Tangu siku hiyo likawa ndilo jina lake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alipenda kuitwa.

Sasa, wapi kuna sukari pasiwe na sisimizi? Kiangazi kilipoingia walitoka kwenye nyufa kama waliopigiwa mbiu. Uyoga wa Mama Naima ulikutwa umefunikwa weusi mtupu. Wa Anastasia ulipandwa na wadudu mpaka ndani, akaumwaga akisonya. Mmoja baada ya mwingine, uyoga wa mtaa ukaisha, ikabaki chupa ya Esha peke yake. Esha alijua hesabu ilivyo: chupa ikifa, na Mama Uyoga amekufa, na anayebaki ni Esha tu.

Akaanza vita. Jivu kwanza, maana jivu ndilo dawa ya kila kitu. Alilizungushia miguu ya kimeza duara zuri, na upepo wa Newala, ambao haujawahi kuheshimu kazi ya mtu, ukalipeperusha likatua kwenye ugali wa Rajabu. Akaja na ndimu. Sisimizi walisita siku moja, ya pili wakazoea. Akaja na pilipili kichaa iliyotwangwa, na waliohama walikuwa yeye na Rajabu, waliolala wakipiga chafya kwa zamu.

Anastasia akashauri mafuta ya taa. Esha akapaka miguu ya kimeza na kidogo, kwa usalama, kwenye kitambaa cha chupa. Sisimizi hawakuja. Lakini chai ya wiki ile ilinukia kibatari, na Anastasia, aliyekunywa glasi nzima kwa ajili ya ujirani, alikaa siku mbili hataki mtu awashe kiberiti karibu yake.

Ikabaki dawa ambayo vitabu vyote vya unadhifu vingeisifu: kuisimamisha miguu ya kimeza ndani ya makopo ya maji. Sawa, mahali pengine. Hapa ni Newala, ambako maji yakitoka bombani ni habari ya kumwamsha mgonjwa. Kila asubuhi Esha alijaza makopo manne, na kila asubuhi kuku waliingia sebuleni wakayanywa.

"Mke wangu," Rajabu alisema kwa upole wake wote, akiwa ameshika kata tupu. "Nimeoga kwa kikombe. Kikombe cha chai. Na meza imelala miguu ikiwa majini."

"Ni kwa siku chache tu."

"Basi nibadilishe na mimi niwe meza."

Wakati huo huo dereva wa basi akaleta salamu: wifi Ziada anakuja Jumanne kukaa siku tatu, miguu inamsumbua. Esha aliiona picha yote: Ziada amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anatazama msafara wa sisimizi unaopanda kwenye chupa, halafu anasema lile neno kuhusu mhogo.

Usiku wa mawazo humpa mtu akili au wazimu, na Esha alipewa vyote viwili. Alikumbuka nguzo za ghala la baba yake, jinsi zilivyopakwa mafuta meusi ya maganda ya korosho na mchwa wakazikimbia. Kila mtoto wa huku anayajua mafuta hayo, na wengi wana kovu lake, maana yakigusa ngozi huibabua ikavimba na kutoa malengelenge. Asubuhi alijaza debe bovu maganda, akayachoma uani, akakinga mafuta yaliyochuruzika. Kwa kijiti kilichofungwa kitambaa akapaka miguu ya kimeza, halafu ukingo, halafu akazungusha duara nene juu, kuizunguka chupa.

Sisimizi wakaja, wakafika kwenye mafuta, wakasimama. Walionekana kufanya mkutano. Kisha wakageuka na kurudi walikotoka, na Esha akapiga kigelegele peke yake sebuleni.

"Usiguse hiyo meza," alimwambia Rajabu.

"Na mimi natafuta nini kwenye meza yako?" alisema Rajabu, ambaye tangu siku hiyo aliipita ubavu ubavu.

Kosa likaja hapo. Ule weusi ulichukiza macho, na mgeni anakuja. Esha akachukua kitambaa chake kizuri cha kufuma, kifupi kisichofika chini, akakitandaza juu ya mafuta, akarudisha chupa katikati. Na Ziada asiambiwe neno. Kusema kuna mafuta ni kusema kuna sisimizi, na kusema kuna sisimizi ni kukiri mbele ya Ziada. Afadhali anyamaze. Nani, kwanza, ana haja ya kuikumbatia meza ya watu?

Ziada akafika Jumanne.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba, Esha. Hamjambo?"

Akaketi, akapewa glasi, akanywa, akaitazama chupa. Esha akasubiri. Ziada akasema, "Umekuwa mkubwa," akanyamaza. Basi! Hakuna mhogo, hakuna mkono mbaya, hata vumbi la dirishani hakulisema. Esha alipata hofu kubwa kuliko kama angetukanwa. Ziada akiwa kimya, ama anaumwa ama ana jambo.

Jumatano asubuhi ukapigwa ukelele mtaani kwamba maji yametoka. Rajabu alikuwa amekwenda shambani. Esha akabeba ndoo mbili akakimbilia foleni. Ziada akasema miguu inauma, atabaki kulinda nyumba.

Esha alirudi karibu na adhuhuri, ndoo moja kichwani na nyingine mkononi. Alipoweka ndoo chini, jicho lake, ambalo kwa miezi miwili halikuwa na kazi nyingine, likaona mstari mweusi sakafuni. Sisimizi! Lakini hawakuwa wakienda kwenye kimeza. Walikipita mbali, kwa adabu, wakakata sebule, wakapenya chini ya pazia la chumba cha mgeni. Esha akawafuata ameinama, hatua kwa hatua. Wakapanda kwenye kikapu cha Ziada. Ndani ya kikapu, chini ya khanga, palikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa vibaya, unavuja chai, na ndani ya mfuko alilala mwana wa uyoga, mweupe, mchanga, ambaye Esha alipanga kumbandua Ijumaa.

"Esha," ikaita sauti nyuma yake, nyonge.

Ziada alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameinua mbele kama mtu anayeomba dua. Viganja vilikuwa vyekundu, vimevimba, malengelenge yameanza kupanga mstari. Na kidevu nacho! Kidevu kilikuwa kimetuna upande mmoja, maana mwizi wa chupa nzito, mikono ikiwa na kazi, huegemea meza kwa kidevu.

"Wifi," alisema Esha polepole, "kitambaa changu ulikitoa au ulikiacha?"

"Nilikitoa. Kilikuwa kinateleza." Ziada akaketi kitandani kwa kishindo. "Ulipaka nini, mwanamke wewe? Ulipaka moto?"

"Mafuta ya korosho. Kwa ajili ya sisimizi."

"Sisimizi!" Ziada alilitamka neno hilo kama jina la adui wa familia, na machozi yakamtoka. "Wangu wameula wote, Esha. Mwezi wa pili huu. Watu wa Lisekese wanakuja kila siku, Mama Mudathiri tupe mwana, Mama Mudathiri tupe mwana, nami nawaambia unapumzika."

"Ungeniomba."

"Ningekuombaje? Mimi ndiye niliyekupa. Na nimeshawaambia wote kwamba wa kwako ulikufa siku ya tatu."

Esha alisimama na ule mfuko mkononi, chai ikimchuruzikia kwenye kiwiko. Miaka ishirini ya maneno ilimpanda kooni yote kwa pamoja, nayo yalikuwa matamu. Angeweza kutoka uani na kuyasema. Wala asingehitaji kupaza sauti, kwa sababu kichwa cha Anastasia kilikuwa tayari juu ya ukuta.

"Mama Uyoga! Mbona mgeni analia? Kuna nini?"

Ziada alimtazama Esha. Kile kidevu kilitetemeka upande wake mzima.

"Hakuna kitu, Mama Optatus," Esha akaita. "Wifi kataka kunisaidia kubangua korosho. Kasahau siku hizi yeye ni mtu wa mjini Masasi."

Anastasia akacheka mpaka akashuka ukutani. Esha akachukua mafuta ya nazi, akampaka wifi yake viganja, kidole baada ya kidole, kisha kidevu. Hasira ilikuwepo bado, tusidanganyane, na alipofika kwenye kidole gumba alibonyeza zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa alimsindikiza stendi. Ziada alikuwa amefungwa vitambaa mikono yote miwili kama bondia, kwa hiyo Esha ndiye aliyebeba chupa ya jamu yenye mwana wa uyoga ndani, akampakatisha kwenye kiti cha dirishani. Basi lilikuwa na watu wa Lisekese watatu au wanne. Mmoja, binti aliyebeba mtoto mgongoni, akanyoosha shingo.

"Mama Mudathiri! Kumbe uyoga upo! Umeutoa wapi huo?"

Esha akatazama ardhi. Alijua uongo unakuja, na alikwisha kuusamehe kabla haujafika, ili usimuume sana.

Ziada akakohoa. Akatazama mikono yake.

"Wangu ulikufa," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kiti cha nyuma. "Huu nimepewa na Mama Uyoga. Huyo hapo chini. Mke wa ndugu yangu."

Vichwa vyote vikageuka dirishani. Yule binti akamweka mtoto wake sawa mgongoni, akainama kwa heshima.

"Shikamoo, Mama."

Siku zote Esha alipoamkiwa alijibu marahaba, akaishia hapo, kwa kuona linalofuata halikuwa haki yake kulisema. Dereva alikuwa ameshatia gia.

"Marahaba, mwanangu," alisema Esha, na basi likaondoka.